Mafuriko yanapokaribia: jinsi ya kuandaa na kuhamisha mbwa, paka na kuku wa nyumbani

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, mbwa hufungiwa bandani asubuhi na kufunguliwa usiku. Hajawahi kuvaa kamba wala kupanda gari, na anayeweza kumgusa bila kung'atwa ni mtu mmoja tu, ambaye mchana yuko kazini. Paka naye huja saa ya kula na kuondoka, hana chombo cha kumbeba. Maji yakifika kizingitini, wanyama hawa ndio wanaoachwa. Si kwamba wenyewe hawakuwapenda. Hawakuweza kuwashika.

Tumeona mvua za aina hii mara nyingi. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilijaa na familia nyingi za Jangwani na jirani zikaondolewa. Mwaka 2024 Rufiji ilifurika Aprili, Nairobi na Tana River zikazama Aprili na Mei, na Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Watu walikuwa na saa chache, wengine dakika. Kazi yote ya maana kwa mnyama hufanyika kabla ya hapo, wakati ardhi ingali kavu: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli.

Hatua ya 1: Amua mapema mtakwenda wapi

Shule, msikiti au kanisa linalopokea watu wakati wa mafuriko mara nyingi halina nafasi ya wanyama, na mbwa ndiye wa kwanza kukataliwa. Kwa hiyo tafuta makazi mawili: ya watu na ya wanyama. Ya wanyama inaweza kuwa kwa shangazi anayeishi mlimani, kwa rafiki mwenye uwanja wenye uzio, au kwa daktari wa mifugo mwenye mabanda ya kulaza. Zungumza nao sasa, si siku ya mvua. Waambie idadi ya wanyama, wanakula nini, na kwamba chakula utaleta wewe.

Pwani kuna jambo la kuliweka wazi tangu mwanzo. Nyumba nyingi za Waislamu hazimwingizi mbwa ndani, kwa sababu ya mate yake na usafi wa swala. Hilo halimaanishi kwamba jirani atakunyima msaada. Omba sehemu ya nje, nyuma ya nyumba, mbali na mahali wanapotawadhia na kuanika nguo. Njoo na bakuli zako na kamba yako, na uwahakikishie kwamba hatafunguliwa. Ukiomba hivyo utapata mlango uliofunguka zaidi kuliko ukifika usiku na mbwa aliyelowa.

Kisha tafuta usafiri. Daladala na matatu hazipakii mbwa. Patana na dereva wa bajaji au wa kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) unayemfahamu, bei mkubaliane kabla, na umwambie utaleta turubai la kutandika. Wengi wanaokataa mbwa wanaogopa kiti kuchafuka kuliko wanavyomwogopa mbwa mwenyewe.

Hatua ya 2: Chanjo

Penye mafuriko mbwa wa mitaa tofauti hukusanyika kwenye vilima vilevile, hugombania chakula na kung'atana. Kichaa cha mbwa kikiingia hapo, hatari ni ya kijiji kizima. Mbwa na paka wachanjwe wakifika umri wa miezi 3, kisha kila mwaka. Chanjo ya kwanza huhesabiwa kuwa imekamilika baada ya kama wiki 4, kwa hiyo anayechanja mvua zikiwa zimeanza amechelewa. Kila Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wilaya nyingi huchanja bure au kwa bei ndogo siku za karibu na hapo. Ukinunua chanjo dukani, hakikisha imetoka kwenye friji na inasafirishwa kwenye barafu. Inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyokaa kwenye kabati lenye joto haimkingi mnyama, hata kama kadi itapigwa muhuri.

Kwa mbwa, omba pia chanjo mchanganyiko yenye kinga ya leptospira. Huu ndio ugonjwa ambao Tanzania iliufahamu kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, na maji ya mafuriko huvieneza kila mahali. Mbwa hupata, na kutoka kwake mtu anaweza kupata. Mara ya kwanza huchomwa sindano 2, wiki 2 hadi 4 baina yake.

Kadi ya chanjo itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, na ipige picha ubaki nayo kwenye simu. Piga pia picha ya kila mnyama, moja ya upande mzima na moja ukiwa umesimama naye. Hiyo ya pili ndiyo itakayothibitisha kuwa ni wako.

Hatua ya 3: Mbwa awe wa kushikika

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Dakika 10 kwa siku, kwa wiki 3 au 4, zinatosha kwa mbwa wengi.

Anza na mkanda wa shingo. Uwe na upana wa sentimita 2 hadi 3, na vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Mvalishe wakati wa kula, umwache nao siku nzima. Andika namba mbili za simu kwa wino usiofutika ndani na nje ya mkanda, au mpelekee fundi wa funguo achonge kibati. Namba ya pili iwe ya mtu wa mji au mtaa mwingine, kwa sababu mafuriko yakija simu yako itakuwa haina chaji.

Siku ya tatu au ya nne funga kamba ya mita 2 kwenye mkanda, aiburute mwenyewe uwanjani ukimwangalia. Kamba ya manila yenye unene wa milimita 10 hivi ni nzuri, nyembamba kuliko hiyo itakukata viganja akivuta. Akizoea, shika ncha. Usimburute. Simama, muite, na akija mpe kipande kidogo cha pafu lililochemshwa. Wiki ya pili toka naye nje ya geti. Wiki ya tatu mpeleke kwenye bajaji: kwanza injini imezimwa, kesho yake inanguruma, kisha mzunguko mmoja mfupi. Mbwa ambaye gari alilolijua ni la kumpeleka kwenye sindano tu atakataa kupanda, kwa hiyo safari hizi ziishie kwenye chakula.

Mbwa mwenye shingo nene na kichwa chembamba hujivua mkanda akirudi nyuma. Kwa huyo funga hivi: kamba ikiwa imefungwa kwenye mkanda juu ya mgongo, ipitishe nyuma ya miguu ya mbele, izungushe kifua chini, uirudishe juu na kuipitisha chini ya kamba yenyewe. Akivuta, kamba hukaza kifuani badala ya kooni, na hatoki.

Watu wawili wa nyumbani, si mmoja, waweze kufanya haya yote. Kama mchana anayebaki ni dada wa kazi au mlinzi, yeye ndiye wa kwanza kufundishwa, naye ndiye amlishe mbwa katika wiki hizo.

Hata mbwa mpole hung'ata akiwa na hofu au maumivu, kwa hiyo jifunze kumfunga mdomo. Chukua ukanda wa kitambaa cha pamba, upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 120 kwa mbwa wa kilo 20. Katikati fanya fundo moja jepesi lenye kitanzi kikubwa kuliko mdomo wake. Simama ubavuni, usimkabili usoni. Pitisha kitanzi hadi nusu ya njia kati ya pua na macho, kaza fundo likiwa juu ya pua, telemsha ncha mbili chini ya kidevu, zifunge mara moja, kisha zirudishe nyuma ya masikio na ufunge kwa kitanzi cha kuvuta, kama cha kamba ya kiatu, ili kifunguke kwa mara moja. Akiweza kukivua kwa makucha ya miguu ya mbele, hukukaza vya kutosha nyuma ya masikio. Fanya mazoezi akiwa ametulia, umpe kitu kitamu ukimfungua.

Usimwache amefungwa mdomo zaidi ya dakika 5 hadi 10 kwenye joto. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi. Na usimfunge kabisa anayetapika, aliyemeza maji, au mwenye pua fupi iliyobonyea.

Hatua ya 4: Paka na chombo chake

Paka mmoja, chombo kimoja. Wawili wanaolala pamoja kila siku wanaweza kuraruana wakiwa wamebanwa na kelele zimezidi. Boksi la karatasi lisitumike: likilowa, sakafu yake inaachia njiani. Kama huna kizimba cha dukani, nunua vikapu viwili vya plastiki vya nguo vyenye matundu, ukubwa sawa. Funika kimoja juu ya kingine na uvifunge ukingoni kwa vibano vya plastiki vya kufungia nyaya (zip tie) sehemu 8 au zaidi, ukiacha upande mmoja wa kufungua na kufunga kwa kamba. Tenga la kuku lenye mfuniko nalo linafaa. Kipimo ni kwamba paka aweze kusimama na kugeuka.

Liache wazi pembeni mwa chumba kuanzia sasa, na ndani utandike nguo anayoilalia. Mlishe humo. Baada ya wiki funga mfuniko akiwa anakula, dakika moja, kisha tano, kisha libebe uzunguke nalo nyumba. Paka ambaye tenga ni mahali pake pa kula ataingia mwenyewe hata siku mbaya.

Asiyezoea utamtia hivi. Mfungie kwanza kwenye chumba kisicho na tundu la dari wala uvungu wa kitanda. Bafu ndilo bora. Simamisha tenga wima, mdomo ukitazama juu. Mfunike paka kwa taulo au kitenge kizito, mkusanye pamoja na miguu yake minne, umshushe kwa miguu ya nyuma kwanza. Paka anayetangulizwa kichwa hutandaza miguu kwenye ukingo, na hapo ndipo mikono inapochanwa.

Pakikosekana kitu, foronya ya pamba hubeba paka kwa mwendo mfupi, ikiwa imefungwa juu kwa fundo. Ibebe juu ya maji muda wote: pamba ikilowa hugandamana na pua na paka hukosa hewa. Kiroba cha salfeti usikitumie. Hewa yake ni finyu, na paka akipanua tundu kwa kucha hutamuona tena.

Kuku, sungura na njiwa

Kuku hushikwa usiku wakiwa wamelala, kwa tochi iliyoelekezwa chini. Mchana utawakimbiza mpaka wengine wafe kwa joto. Weka tengani idadi ambayo kila mmoja anaweza kukaa chini na kugeuka, tandika majani makavu, na ufunike juu kwa kitambaa chepesi, si kwa nailoni. Kuwafunga miguu na kuwaning'iniza kichwa chini kwenye pikipiki huwabana pumzi, na kwa safari ndefu utafika na mizoga. Vifaranga wawekwe kwenye boksi lenye chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa.

Kinachoua kuku baada ya mafuriko mara nyingi ni mdondo, yaani kideri, wanapochanganyika na kuku wa watu wengine. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho, kuku wote siku moja, kila miezi 3, na iwe angalau wiki 2 kabla ya kuhama. Inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, lakini usiiache juani.

Sungura hafai kubebwa kwa masikio na hawezi joto kali. Weka chupa ya maji baridi kando yake na kivuli. Njiwa usimfungue popote ulipohamia, atarudi kwenye banda lililozama.

Hatua ya 5: Ndoo ya dharura

Tumia ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, inayokaa juu ya kabati na si chini ya kitanda. Hesabu ya wiki moja ni hii. Mbwa wa kilo 20 hula gramu 350 hivi za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo kilo 2.5. Paka wa kilo 4 hula gramu 60, kwa wiki nusu kilo inamtosha na kubaki kidogo. Kuku mkubwa mmoja ni gramu 120 kwa siku, kwa hiyo watano wanataka kilo 4 na robo.

Maji: mbwa huyo lita 8 kwa wiki, paka lita 2, kuku watano lita 10. Jumla ni dumu moja la lita 20, ila ligawe katika madumu mawili ya lita 10, kwa sababu utakuwa umebeba na paka.

Kama mbwa wako amezoea ugali na dagaa, usimbadilishie siku ya mafuriko. Atahara, na kuhara humkausha mwili haraka. Kuanzia wiki moja kabla ya msimu, mchanganyie chakula kikavu robo, kisha nusu, kisha kizima, ili tumbo likijue. Baadaye mrudishe kwenye ugali na uendelee kumwonjesha kila wiki. Ukichagua dagaa kwa paka, chukua wa Mwanza waliokaushwa juani. Wa Zanzibar huchemshwa kwa chumvi, huongeza kiu wakati maji ni ya kuhesabu.

Weka pia bakuli mbili, kamba ya akiba, ukanda wa kufunga mdomo, mataulo 2, sabuni ya mche, glavu, mifuko ya kuzolea kinyesi, na kwa paka beseni dogo na kilo 3 au 4 za maranda au mchanga mkavu. Kwa majeraha: bandeji, shashi, na iodini ya kuoshea kidonda, iliyozimuliwa kwa maji safi mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi. Kwa kuhara: pakiti za ORS, zinyweshwe kidogo kidogo kwa kijiko au bomba la sindano lisilo na sindano. Dawa anazotumia kila siku ziwe za siku 14.

Kuna dawa za nyumbani zinazoua. Panadol humwua paka, hata kidonge kimoja. Diclofenac na ibuprofen huharibu tumbo na figo za mbwa. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrin isimguse paka. Na oili chafu ya gari, ambayo watu bado huwapaka mbwa wenye ukurutu, ni sumu: huilamba, na huunguza ngozi.

Badilisha chakula na maji kila miezi 3, siku ileile unayowachanja kuku, ili usisahau.

Hatua ya 6: Tangazo la hali ya hewa likitoka

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa onyo kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Zifuate hivi kwa wanyama.

Angalizo likitoka, mbwa avae mkanda usiku na mchana, paka alale ndani, simu zijazwe chaji, na umpigie dereva. Kagua kama tenga na ndoo vipo mahali pake.

Tahadhari ikitoka na nyumba yako iko bondeni au kando ya mto, hamisha wanyama siku hiyohiyo, kabla ya watu. Wengi husubiri kwanza waone maji. Lakini maji yakionekana bajaji hazipo, barabara imekatika, na mikono yote ina watoto na magodoro. Mnyama akishaondoka, siku ya kukimbia unabaki na kazi moja.

Anza na paka. Akiona mabegi yanatolewa hupotea darini, kwa hiyo afungiwe bafuni kabla hamjagusa kabati. Bandika karatasi mlangoni ili mtu asifungue. Kisha kuku, usiku uliotangulia kama inawezekana. Mbwa wa mwisho, kwa sababu analinda.

Kwenye kirikuu, mfunge mbwa kwa kamba mbili fupi, moja kila upande, fupi kiasi kwamba hawezi kufika ukingoni. Aliyefungwa kamba moja ndefu huruka nje na kujinyonga gari likitembea. Tenga la paka lifungwe lisiteleze, lifunikwe shuka nusu. Zima swichi kuu ya umeme kabla ya kutoka.

Ikibidi umwache

Kuna saa ambayo maisha ya mtu yanatangulia. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi. Usirudi kwenye maji kumfuata mnyama, na usimtume mtoto.

Kabla ya kutoka mfungue mnyororo. Hili ni dogo na ndilo linalosahauliwa zaidi: mbwa aliyefunguliwa anaogelea, aliyefungwa anazama akiwa hai na nguvu zake zote. Fungua banda, fungua banda la kuku, fungua na mlango wa ngazi au wa chumba cha juu. Mvue kamba inayoburuta ila mwachie mkanda wenye namba. Acha chakula na maji mahali pa juu, kwenye vyombo vizito. Andika mlangoni kwa chaki au rangi: wanyama wangapi, wa aina gani, namba ya simu. Waokoaji wakifika watajua. Kwa Tanzania, Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114. Uwatajie eneo kwa alama inayojulikana, kama vile shule au daraja.

Kambini

Jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa ukiwa na kadi ya chanjo mkononi. Funga mbwa penye kivuli, mita kadhaa kutoka njia ya watu na foleni ya chakula, kamba iwe ya mita 2 tu. Mlishe peke yake, uondoe bakuli akimaliza, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia kwenye mabaki. Watoto wageni wasimkaribie, hata kama nyumbani alikuwa anacheza na wako. Zoa kinyesi kila mara. Hili ndilo litakaloamua kama majirani watamvumilia.

Paka abaki tengani au kwenye chumba kilichofungwa muda wote. Akitoka atajaribu kurudi nyumbani kwake, na njia imejaa maji.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe na kuangaliwa siku 10, kwa sababu hali yake ndiyo inayomsaidia daktari kuamua matibabu ya mgonjwa.

Hatua ya 7: Kurudi nyumbani

Tangulia bila wanyama. Tafuta nyoka kwenye kabati, nyuma ya mitungi na ndani ya banda. Angalia mashimo ya choo yaliyobomoka na visima vilivyofunguka, vifunike. Okota vioo na misumari. Safisha banda kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini, likauke juani siku nzima.

Mnyama aliyepita kwenye maji ya mafuriko aoshwe kwa sabuni na maji safi mapema iwezekanavyo, ukivaa glavu. Maji yale yana kinyesi, mafuta na dawa za mashambani, naye hujisafisha kwa ulimi. Kagua nafasi za vidole vya miguu, hukatika hapo bila kuonekana.

Unga, mahindi na pumba zilizolowa zitupwe, zisigeuzwe chakula cha mbwa au kuku. Huota kuvu inayotoa sumukuvu, na kupika ugali hakuiondoi. Mbwa hulegea, hukataa kula, hutapika, macho na fizi hugeuka manjano, kisha hufa, na mwenyewe hudhani amelishwa sumu na jirani.

Manjano hayohayo, pamoja na homa, kutapika na mkojo wa rangi nzito, yakitokea kati ya siku 5 na 14 baada ya kugusa maji, yanaweza kuwa leptospira. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo, ina dawa ikiwahiwa. Mkojo wake usiguswe kwa mkono mtupu, na mwanafamilia mwenye homa amwambie daktari kwamba mbwa wa nyumbani anaumwa.

Mbwa aliyerudi na alama za meno ambaye alikuwa amechanjwa achomwe chanjo ya nyongeza ya kichaa mara moja na aangaliwe siku 45. Ambaye hakuwa amechanjwa atengwe mara moja kwenye banda lenye kufuli na afisa mifugo wa kata aitwe, hata kama anakula na kucheza kama kawaida.